SOMO LA ROBO HII: KUCHAGUA MAFAILI KWA KIBODI



Kila mwisho wa robo mwaka tunakusanya taarifa za miradi ya miche, maji na ada za watoto. Kipanya kikiharibika Mtae au Mlalo, huenda katibu akalazimika kusafiri hadi Lushoto mjini kutafuta kingine. Kumbe kibodi peke yake inatosha. Hatua hizi ni za kompyuta zenye Windows.

1. Kufungua. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na E. Bonyeza Tab mpaka uingie kwenye orodha, kisha tembea kwa mishale. Enter hufungua folda. Alt pamoja na mshale wa juu hukutoa nje ya folda hiyo.

2. Kutafuta. Andika haraka herufi za kwanza za jina, mfano "mic", nawe utafika kwenye "miche". Home hukupeleka mwanzo wa orodha, End mwisho.

3. Kuchagua mafaili yanayofuatana. Shikilia Shift huku ukibonyeza mshale.

4. Kuchagua yaliyoachana. Shikilia Ctrl, sogea kwa mishale, na kwenye kila faili unalotaka bonyeza kitufe kirefu cha nafasi.

5. Kunakili. Bonyeza Ctrl na C, nenda kwenye flashi, kisha Ctrl na V.

Ctrl na A huchagua yote, na hapo tuwe waangalifu. Folda yenye taarifa ya wafadhili inaweza pia kuwa na orodha ya wagonjwa na yatima tunaowasaidia. Orodha hiyo si ya kutumwa. Kabla ya kunakili, soma chini ya dirisha idadi ya mafaili yaliyochaguliwa. Kama mlikubaliana matano na pameandikwa sita, simama, tafuta la sita.

Tena, faili likifutwa kwenye flashi kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka, hivyo kulirudisha ni vigumu. Weka kwanza nakala kwenye kompyuta.

Tunashauri katibu achague na mweka hazina ahesabu. Hivyo mfadhili atapata taarifa anayostahili, na jirani yetu anayesaidiwa atabaki na siri yake.