Dhana ya Ithibati katika Uchaguzi wa Chuo Kikuu: Mfano wa Shahada ya Kwanza ya Saikolojia Uingereza

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayekusudia kusomea saikolojia aghalabu huuliza kwanza ni chuo kipi chenye jina. Makala haya yanadai kwamba swali hilo halina budi kutanguliwa na jingine: shahada yenyewe inatambuliwa na nani, na kwa kazi ipi? Mfano ni wa Uingereza, ambako ithibati, uanachama na usajili ni dhana tatu mbalimbali.

2.0 Dhana Tatu

Ithibati ni sifa ya kozi, si ya chuo kizima. Hutolewa na Chama cha Saikolojia cha Uingereza, kilichoasisiwa mwaka 1901. Kozi yenye ithibati sharti ifundishe, pamoja na mengine, misingi ya kibiolojia ya tabia, utambuzi, ukuaji, saikolojia ya jamii na mbinu za utafiti. Mwanafunzi naye sharti afanye utafiti wake mwenyewe.

Mhitimu wa kozi hiyo aliyepata angalau daraja la pili la chini hupata msingi wa kuelekea uanachama wa kitaaluma, msingi ambao kozi nyingi za uzamili huudai.

Usajili ni suala la sheria. Tangu mwaka 2009, majina kama “mwanasaikolojia wa tiba” hayatumiki ila na waliosajiliwa. Jina “mwanasaikolojia” pekee halilindwi, na shahada ya kwanza haitoshi kumsajili mtu.

3.0 Athari kwa Uchaguzi

Kutokana na hayo, umaarufu wa chuo si kigezo toshelevu. Huko Oxford, kwa mfano, saikolojia yaweza kusomwa pamoja na falsafa au isimu. Lakini mwanafunzi asiyechukua masomo ya saikolojia ya kutosha hukosa utambuzi huo. Vilevile, kuitwa shahada ya sanaa au ya sayansi si ushahidi wa ithibati. Muda nao huathiri gharama: shahada ya heshima kwa kawaida huchukua miaka 3 England na 4 Uskoti.

4.0 Hitimisho

Katika Kiswahili, neno “mwanasaikolojia” hubeba mtafiti, mshauri na mtabibu kwa pamoja. Mkanganyiko huo si wa kamusi tu: waweza kumgharimu kijana miaka yake. Yafaa basi washauri wa wanafunzi waanze na ithibati, wafuatishe masomo, muda na gharama, ndipo waulize sifa ya chuo.