SOMO LA KIKUNDI: KILA MKONO UHESABIWE

Lengo: Kuelewa kwa nini nguvu ya mtu hupungua akiwa kundini, na jinsi ya kupanga kazi ili isipungue.
Muda: Saa moja na nusu.
Vifaa: Mahindi makavu ambayo hayajapukuchuliwa, beseni nne, kikombe cha kupimia, na saa.
Kwa kiongozi: Soma somo lote peke yako kwanza. Usiwaambie wenzako sababu ya jaribio mpaka liishe.

1. JARIBIO

Chagueni watu wanne. Kwanza kila mmoja apukuchue mahindi kwenye beseni lake kwa dakika 10. Pimeni ya kila mtu kwa kikombe, mjumlishe, katibu aandike. Halafu wapumzike. Baadaye wote wanne wapukuchue kwenye beseni moja, dakika 10 vilevile. Pimeni tena.

Je, beseni la pamoja limefikia jumla ya kwanza? Msikate shauri haraka, maana mikono iliyochoka yaweza kudanganya. Mkutano ujao rudieni, lakini safari hiyo anzeni na beseni la pamoja.

2. HABARI YA KAMBA

Wapendwa wanavikundi, vijana wanaosoma vyuo vya jamii kule Marekani, na hata wetu hapa Kenya wanaosomea kazi za maendeleo, hukutana na somo liitwalo saikolojia. Jina lisiwatishe. Ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Katika vitabu vya wanaoanza somo hilo kuna habari moja inayofaa isomwe na kila kikundi cha kujisaidia.

Mfaransa mmoja, mhandisi wa mambo ya kilimo aitwaye Max Ringelmann, aliwapa watu kamba wavute, akapima nguvu zao. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Tuseme mtu akivuta peke yake ametoa nguvu 100. Walipovuta wawili, kila mmoja alitoa kama 93. Wakiwa watatu, 85. Wanne, 77. Walipofika wanane, kila mmoja alitoa kama 49 tu! Yaani watu wanane walivuta kazi ya watu wanne.

Sisi tunaoitana kila siku kwa neno "harambee", habari hii inatuhusu kabisa.

3. SABABU NI MBILI

Ya kwanza ni kukosa mwendo mmoja. Huyu anavuta, yule anapumua. Dawa yake tunaijua tangu zamani: mtu mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja.

Ya pili imejificha. Mwaka 1979 wataalamu watatu wa Marekani, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliwaomba wanafunzi wapige kelele kwa nguvu zao zote. Waliwafunga macho na kuwaziba masikio wasisikiane. Mara nyingine mwanafunzi aliambiwa anapiga kelele pamoja na wenzake, kumbe yuko peke yake. Hapo huwezi kusema eti mwendo umegongana. Hata hivyo, aliyedhani yuko na mwenzake mmoja alitoa kama 82 kwa 100 ya sauti yake. Aliyedhani wako sita alitoa kama 74. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Mwaka 1981 wataalamu haohao walijaribu jambo lingine. Mtu alipojua kwamba sauti yake itapimwa peke yake, hata akiwa katikati ya kundi, hakulegea tena.

4. INATUFUNDISHA NINI?

Vikundi vingi havivunjwi na ukame wala ukosefu wa pesa. Vinavunjwa na neno moja: "Fulani ni mvivu." Likishasemwa, Fulani haji tena, na mke wake haji, na jirani yake vilevile. Kweli wavivu wapo, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini kabla ya kumlaumu mtu, tazameni kwanza jinsi kazi ilivyopangwa. Mtu yule yule anayelegea kwenye mtaro wa watu ishirini, shambani kwake anachapa kazi mpaka jua linazama. Tabia yake haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni kwamba jasho lake halionekani.

Basi jaribuni haya:

(a) Pimeni kazi kwa hatua. Mkichimba mitaro, kila mmoja apewe kipande chake na kigingi. Kwenye kitalu, kila mmoja awe na safu yake ya miche.
(b) Kazi isiyogawanyika, kama kuinua boriti, ifanywe na watu wanaotosha tu, na iwe na kiongozi wa mwendo.
(c) Kila mtu apewe kazi ambayo asipofanya yeye itaonekana pengo.
(d) Mzee, mgonjwa na mama mjamzito wapewe kipimo chao mapema, mbele ya wote, ili kusiwe na manung'uniko.
(e) Hesabu isiwe fimbo. Inasomwa ili kumshukuru aliyefanya na kumsaidia aliyekwama, si kumwaibisha mtu mkutanoni.

5. MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kazi gani ya kikundi chetu ambayo hakuna ajuaye nani amefanya nini?
2. Kuna mwenzetu aliyeacha kuja? Je, tulimwita mvivu? Nani ataenda kumwona?
3. Siku ya kazi ijayo, tutagawa vipande vipi?

Katibu aandike majibu kitabuni, pamoja na jina la atakayekwenda kumwona mwenzetu, na siku ya kwenda. Mkutano ujao uanze kwa kusoma ukurasa huo, halafu mlete mahindi tena.