Uchovu wakati wa matibabu ya saratani: maswali ambayo wagonjwa na ndugu huuliza

Mgonjwa wa saratani akiulizwa na daktari anaendeleaje, hutaja maumivu na kichefuchefu, lakini uchovu huunyamazia. Wengine huona ni jambo la kuvumilia tu, wengine huogopa kwamba wakiusema dozi itasimamishwa. Majibu haya ni kwa ajili yao na kwa wanaowauguza, iwe matibabu yanafanyika Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza au hospitali nyingine.

Uchovu huu una tofauti gani na ule wa kawaida?

Uchovu wa kazi huisha ukilala. Uchovu wa saratani haulingani na kazi uliyofanya: mtu amelala usiku kucha, akishapiga mswaki tu anatafuta pa kukaa. Huweza kugusa hata akili, mgonjwa akasahau alichokuwa anasimulia; huo si uvivu, na ndugu wa nyumbani wanahitaji kuelezwa hivyo waziwazi.

Unasababishwa na nini?

Saratani yenyewe huchosha, na vivyo hivyo tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani ambazo mara nyingi hutolewa kwa dripu, pamoja na tiba ya mionzi. Juu ya hayo huongezeka upungufu wa damu, maumivu, kukosa usingizi, kula kidogo, maambukizi, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, na sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayohitaji tiba. Mengi kati ya haya ya nyongeza yanatibika, ndiyo maana tunasisitiza uchovu usemwe kliniki.

Nitarajie uchovu wakati gani?

Kwa tibakemikali, ambayo kwa wengi hurudiwa kila baada ya siku 21, uchovu huwa mzito siku za mwanzo baada ya dripu, kisha hupungua kabla ya awamu inayofuata. Mionzi kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza unaweza usihisi kitu, kisha uchovu ukajikusanya na kufikia kilele mwishoni mwa tiba. Aliyetoka mkoani asipange kurudi moja kwa moja kwenye jembe: uchovu huo huendelea wiki kadhaa baada ya mionzi ya mwisho, na kwa baadhi ya watu miezi.

Wapo pia wanaotumia vidonge kwa miaka, kama tamoksifeni kwa baadhi ya saratani za matiti, ambayo mara nyingi humezwa miaka 5 au zaidi. Uchovu wao huweza kuwa wa chinichini lakini usioisha. Usiache vidonge kwa uamuzi wako. Mweleze daktari, kwa kuwa mara nyingi kuna la kurekebisha.

Uchovu ukizidi, ina maana saratani imesambaa?

Hofu hii tunaielewa, lakini uchovu peke yake hauonyeshi hivyo. Huwapata hata wagonjwa ambao tiba inawafanyia kazi vizuri, na hali ya ugonjwa hujulikana kwa vipimo.

Je, juisi ya rozela au bitiruti itaniongezea damu?

Juisi hizi ni vinywaji vizuri, lakini rangi nyekundu haigeuki kuwa damu. Tibakemikali hugusa uboho, yaani sehemu laini ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa, na ndiyo sababu damu hupimwa kabla ya kila awamu. Mwingine damu yake inapungua kwa kuwa anatokwa damu, kama inavyotokea kwa wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi.

Vidonge vya madini ya chuma humsaidia aliyepungukiwa na madini hayo. Tatizo likiwa kwenye uboho, vidonge peke yake havitoshi. Uliza kila unapopimwa: damu yangu ni ngapi, na imepungua kwa sababu gani? Kuongezewa damu huamuliwa na daktari kwa kuangalia kiwango na hali yako. Ndugu wanaweza kuhamasishwa kuchangia damu, lakini damu haiuzwi, na ukidaiwa fedha kwa ajili yake toa taarifa kwa uongozi wa hospitali.

Si ni bora nilale tu hadi tiba iishe?

Ushauri huu hutolewa kwa upendo, lakini kulala kutwa hulegeza misuli na kuongeza uchovu. Kati ya njia zote za kupunguza uchovu wa saratani, kujongeza mwili kidogo kidogo ni mojawapo ya zile zilizothibitishwa zaidi. Anza na dakika 5 au 10 za kutembea kuzunguka nyumba, asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, uongeze kadiri unavyoweza, ukichoka, kaa. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, damu iliyopungua sana au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.

Kulala mchana kunaruhusiwa, ila kusizidi nusu saa hivi, usingizi wa usiku usije ukaharibika. Nguvu ulizo nazo zitunze kwa mambo unayoyajali. Bafuni wekeni stuli, na ndoo ya maji iinuliwe juu ya matofali mgonjwa asiiname. Mboga azichambue amekaa. Maji abebe mwingine.

Nile nini?

Kula kidogo kidogo mara nyingi: uji wa lishe, mayai, maharage, dagaa, matunda, na maji ya kutosha. Wapo wanaomnyima mgonjwa ugali na matunda wakiamini sukari yote hulisha saratani. Mgonjwa anayepungua uzito akikosa chakula hicho huzidi kudhoofika. Ukitumia mlonge, mwarobaini au dawa nyingine ya asili, mwambie daktari bila woga, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huingiliana na tiba au huumiza ini.

Mgonjwa wa mionzi ni hatari kwa watoto?

Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mgonjwa anaweza kumpakata mjukuu siku hiyohiyo. Wachache wanaopewa iodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo huelekezwa wakae mbali na watoto kwa siku kadhaa. Tunalisema hili kwa sababu mgonjwa aliyetengwa hubaki na kazi zote peke yake.

Mwajiri anaweza kunifukuza kwa sababu nimechoka?

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Unahitaji cheti cha daktari, basi kiombe kliniki mapema na ubaki na nakala. Ukiachishwa kazi isivyo haki, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Asiyemudu gharama za matibabu amuone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kuomba msamaha wa gharama ni utaratibu rasmi.

Ni wakati gani nisisubiri siku ya kliniki?

Nenda hospitali iliyo karibu mara moja, hata usiku, ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kukosa pumzi ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, kuzimia, kutokwa damu isiyokoma, kuchanganyikiwa, au kushindwa kabisa kuinuka kitandani. Homa baada ya tibakemikali usiitulize kwa panadoli ukasubiri kukuche, kwa kuwa kinga inaweza kuwa imeshuka sana. Mapokezi taja mapema kwamba unatibiwa saratani, pamoja na tarehe ya dripu ya mwisho.

Nimweleze vipi daktari?

Upime uchovu wako kwa namba: 0 ni kutochoka kabisa, 10 ni uchovu mbaya kuliko wote unaoweza kuuwaza. Andika namba kila jioni kwenye daftari, na kazi iliyokushinda siku hiyo. Ikifika 4 au zaidi, fungua daftari mbele ya daktari kabla hajaandika dozi inayofuata.