Kaka, si bora niende jeshi?

Wiki ile bumu limechelewa, mdogo wangu akanipigia. Kamaliza kidato cha sita, chuo amepata, mkopo kanyimwa. "Kaka, si bora niende JKT kujitolea? Miaka miwili, natokea jeshini, chuo nitasoma hukohuko." Nikamwambia anipe siku mbili. Niliyoyakusanya ndiyo haya, maana najua humu chuoni wapo wengi wenye mdogo kama huyo.

Kwanza tusichanganye mambo mawili. Sisi tulioenda kwa mujibu wa sheria tulikaa miezi mitatu: kwata, doria, kukimbia mchakamchaka alfajiri, ugali wa haraka, halafu tukarudi nyumbani na cheti. Kujitolea ni kitu kingine. Ni mkataba wa miaka miwili, na maombi yanapitia ofisi ya wilaya na mkoa unakoishi. Hakuna ada. Atakayekuomba laki tatu "akupenyeze" ni tapeli, hata akiwa amevaa kombati.

JKT ilianzishwa Julai 1963, na ugomvi wake na wasomi haukuchelewa. Serikali ilipotaka wahitimu watumikie miaka miwili, miezi 18 kati ya hiyo wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere aliwatimua karibu 400, na hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa hiyo babu zetu wa Mlimani walifukuzwa kwa kuikataa JKT. Leo watu wanapanga foleni kuiomba. Utaratibu wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarudi 2013, na huko katikati ajira zikawa adimu. Mimi naona foleni ile inatokana na hilo kuliko na uzalendo, na sioni aibu kulisema.

Sasa swali lenyewe: je, kujitolea kunaleta ajira? Matangazo ya JKT yenyewe husema wazi kwamba jeshi hilo haliahidi kazi, linafundisha stadi za kujitegemea. Watu wanasoma sentensi hiyo kama masharti ya simu, wanabonyeza tu "kubali". Aprili 2021 vijana zaidi ya 800 waliondolewa kambini baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini wameahidiwa. Walikuwa wamefanya kazi za ujenzi, jasho limewatoka kweli. Mwaka uliofuata Rais Samia aliwasamehe. Lakini fikiria ule mwaka mzima uko nyumbani, mtaa mzima unajua ulifukuzwa jeshi.

Hata hivyo nisimdanganye mdogo wangu kwa upande wa pili. Cheti cha JKT kina kazi. JWTZ linapotangaza nafasi hutaka mwombaji awe amepitia JKT, na kampuni ya ulinzi ya SUMAJKT huchukua vijana waliomaliza. Ila umri una ukuta: matangazo ya karibuni ya JWTZ yameweka miaka 24 kwa wa kidato cha nne na sita, 27 kwa mwenye shahada. Yeye ana 19. Akitoka na 21, bado yumo.

Na hapa ndipo hesabu ilipokaa sawa kwangu. Bodi ya Mikopo huangalia kama umemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Miaka miwili ya JKT haimfungii mlango huo, ila miaka miwili ikifuatiwa na mitatu ya kusubiri "jeshi liite" inamfungia kabisa. Nawajua wa namna hiyo. Kila tangazo wanasema safari hii, safari hii, mpaka umri unakata na chuo kimepita.

Nilipompigia, nikamsomea yote. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo niende au nisiende?"

Nikamwambia kesho aanze na rufaa ya mkopo, dirisha likiwa wazi. Ikigoma, aende wilayani na vyeti vyake, na kabla hajaondoka tuandikiane mimi na yeye tarehe ya kuomba chuo tena, iwe wameita au hawajaita. Mama akachukua simu akauliza kama kambini wanawapa mablanketi. Nikamwambia wanatoa, lakini ampe na sweta, asije akapangiwa Mafinga.