Ukungu Unaovimbisha Majani

Mwezi huu tunaangalia ukungu uitwao Exobasidium. Huko Ulaya huvamia mimea ya jamii ya erika, jamii ya vile vichaka tunavyoviona juu Mlima Kenya. Jani huvimba, kisha uvimbe huwa mweupe kama umepakwa unga.

Sasa sisi wakulima wa chai yatuhusu nini? Ndugu yake mmoja hushambulia chai, na kwao ni Asia. Ulijulikana Assam, India, mwaka 1868. Mwaka 1946 ukaingia Sri Lanka. Huanza kwa doa dogo linalopitisha mwanga; baadaye chini ya jani hufura lengelenge jeupe. Huo weupe ni mbegu za ukungu, na upepo huzibeba. Majani yaliyokomaa hauyasumbui. Unataka machanga, yaani yale majani mawili na chipukizi tunayochuma! Mawingu na unyevu wa siku nyingi huusaidia sana, na hayo milimani kwetu hayakosi.

Basi mtu akikuletea mche wa chai kutoka Asia, hata kama ni zawadi ya jamaa, usiupande. Mimea ya kutoka nje lazima iwe na kibali cha KEPHIS. Na ukiona lengelenge jeupe kwa chai yako, usibebe jani kuwaonyesha majirani; mwite afisa wa kilimo aje shambani.