Motokari Inayokohoa

Motokari ya zamani yapeleka mihogo Mongbwalu kutoka Bunia. Mlimani yakohoa, wasafisha buji zote, na baada ya siku chache yakohoa tena. Kusafisha zote ni kuwapa watoto wote dawa kwa homa ya mmoja. Tafuta kwanza silinda yenye ugonjwa. Zima mashine, chomoa waya wa buji moja, uugushe chuma cha mashine, washa, sikiliza. Zima, rudisha, endelea na ya pili. Mngurumo ukiharibika zaidi, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, ndiyo hiyo. Badilishana buji yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama, nunua buji mpya. Usipohama, tazama waya. Lakini buji ikilowa oili nyeusi kila mara, huenda pete za pistoni zimelika: buji mpya nayo italowa. Hapo mwite fundi, mihogo isije ikaoza njiani.