Mukawa na Kivai: Tusichanganye



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama upande wa vilima vya Kivaa, tulikaribishwa supu. Ndani yake ilichemshwa mizizi ya mukawa, ambao kwa Kiswahili huitwa mtandamboo. Tukauliza, nani aliichimba? Kijana. Alijuaje kwamba ni mukawa? Kimya. (Supu tulikunywa, ila baada ya kupelekwa kukiona kichaka chenyewe.)

Hatukuuliza ili kuwasumbua wenyeji. Ukambani kuna pia kivai, mti ambao wazee waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Kivai na mukawa ni ukoo mmoja. Yote miwili ina majani magumu yaliyokaa mawili mawili, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu tamu, na matunda ya kijani yanayogeuka mekundu, halafu zambarau karibu na nyeusi. Ukivunja tawi, yote hutoa maziwa. Basi anayesema "nimeujua kwa maziwa yake" hajaujua bado.

Angalia miiba. Mukawa una miiba mirefu iliyonyooka, ndiyo maana unafaa kwa ua wa boma. Kivai hauna hata mmoja. Zunguka kichaka chote, usitazame tawi moja tu. Kisha maua: ya mukawa hukaa kwa mafungu kwenye ncha za matawi, lakini ya kivai hubanana pale jani linapoungana na tawi.

Shida kubwa ni mzizi, maana ukishachimbwa hauonyeshi mwiba wala ua. Msipokee mzizi usioletwa na tawi lake. Na asiwadanganye mtu kwamba moto huondoa sumu hii. Ile ya mishale yenyewe hupikwa kwa saa nyingi, na bado husimamisha moyo wa mnyama.

Halafu kuna watoto wachungaji, wanaokula matunda porini bila kuuliza mtu. Wapo wanaosema tunda la kivai likiiva kabisa laliwa. Sisi hatushauri hivyo: likiwa bichi ni sumu kali, na mtoto mwenye njaa hangoji liive. Waambieni, pasipo mwiba, usichume. Aliyekula apelekwe hospitali mara moja, hata kabla hajatapika, na tawi la mti huo libebwe daktari alione.

Mkutano ujao, kila kikundi kilete tawi la mukawa lenye maua. La kivai tutaleta wenyewe.